Mashini ya Kuvuta Mavumbi: Kipimo Gani Kinafaa Kiwanda Kidogo?

Ninyi mafundi wa mbao, ninyi munaoongoza masomo ya ufundi, na ninyi wazee munaoshika feza za kazi, somo hili ni lenu. Litawasaidia pia wake na watoto wa mafundi, kwa sababu mavumbi ya kiwanda hayabaki kiwandani. Yanashika nguo na kufuata mutu mpaka nyumbani.

Siku hizi viwanda vingi vidogo vinapata mashini. Mahali palipokuwa na randa ya mukono na musumeno wa mukono, sasa pana mashini ya kuranda, musumeno wa duara na mashini ya musasa. Vitanda vya wagonjwa, benchi na milango vinatoka upesi. Tunafurahi kwa ajili ya hayo. Lakini tunaona jambo moja lisilofaa. Mashini za kukata zinanunuliwa kwanza, na mashini ya kuvuta mavumbi inaachwa kwa siku nyingine. Mara nyingi siku hiyo haifiki. Au inafika, lakini inanunuliwa mashini isiyo ya kipimo, na baada ya mwezi mumoja inasukumwa katika pembe pamoja na vyuma vya zamani.

Basi neno letu ni hili. Mashini inayotoa mavumbi na mashini inayoyavuta ziagizwe katika barua moja. Na ile ya kuvuta ichaguliwe kwa hesabu ya hewa, si kwa ukubwa wa moteri wala wa mufuko. Feza zisipotosha kwa zote mbili, ni afazali kungoja na kuendelea na randa ya mukono. Tunajua neno hili ni gumu kwa watu wenye haraka ya kazi. Tutaonyesha sababu zake.

MAVUMBI YA MBAO YANAFANYA NINI?

Wengine wanasema: "Babu zetu walifanya kazi ya mbao miaka yote, na hawakuwa na mashini ya kuvuta mavumbi." Ni kweli. Lakini tazama kazi yao. Randa ya mukono inatoa maranda marefu yanayoanguka chini. Musumeno wa mukono unatoa unga munene, nao unaanguka chini vilevile. Mashini inazunguka mara elfu nyingi kwa dakika, na inasaga mbao kuwa unga mwembamba sana. Mashini ya musasa ni mbaya kuliko zote. Mavumbi ya babu hayakuwa mavumbi haya.

Ukigawanya milimetre 1 katika sehemu 1000, kila sehemu inaitwa mikroni. Unywele wa kichwa una unene wa mikroni 50 mpaka 100. Mavumbi yanayoingia mpaka ndani kabisa ya mapafu ni yale yasiyopita mikroni 5 au 10. Macho hayawezi kuona chembe moja ya namna hiyo. Yanaelea hewani kwa saa nyingi, hata mashini zikiisha kuzimwa. Kwa hiyo fundi anayefagia vizuri na kusema, "Kiwanda changu ni safi," ameondoa tu mavumbi yaliyoanguka. Yale yanayomuumiza yangali mbele ya pua yake.

Katika mapafu yanaleta kikohozi na pumu. Katika pua yanaleta mafua yasiyokwisha. Katika ngozi na macho yanaleta kuwasha na kuvimba. Mbao nyingine ni kali kuliko nyingine: muvule, ambao wauzaji wanauita iroko, na wenge, zinajulikana sana kwa mambo hayo.

Kuna alama moja ambayo kila fundi anaweza kuitazama mwenyewe. Ikiwa siku ya Mungu unapumua vizuri, na siku ya kwanza jioni kifua kinaanza kubana tena, basi uangalie kazi yako. Usiseme umelogwa. Tena usijihukumu kuwa na kifua kikuu bila kupimwa. Mutu mwenye kikohozi cha majuma mawili na zaidi aje hospitalini, makohozi yake yapimwe, na amwambie munganga kazi anayoifanya. Mafundi wengi wanasahau neno hilo la mwisho, na munganga anatafuta ugonjwa mahali pasipo pake.

Ugonjwa mwingine ni haba, lakini ni mubaya sana, nao ni kansere ya ndani ya pua. Katika Uingereza kuna muji unaoitwa High Wycombe, uliojulikana tangu zamani kwa viti vya mbao. Munganga mumoja wa masikio, pua na koo katika muji ule, Esme Hadfield, aliona kwamba wagonjwa wa kansere hiyo walikuwa wengi kati ya mafundi wa viti. Yeye na wenzake wa Oxford wakatafuta habari, wakahesabu, na mwaka wa 1968 wakatangaza waliyoyaona. Mwaka wa 1995 wanganga wanaochunguza kansere huko Lyon, katika Ufaransa, waliweka mavumbi ya mbao katika orodha ya vitu vinavyoleta kansere kweli kwa watu. Ugonjwa huo unaweza kungoja miaka 30, 40 na zaidi mbele ya kuonekana. Maana yake, kijana anayejifunza kazi leo ataulipa uzee wake deni ambalo wengine walilifanya kwa jina lake. Tangu mwaka wa 2023 sheria ya nchi za Umoja wa Ulaya inakataza mavumbi ya mbao ngumu kupita miligramu 2 katika metre moja ya hewa kwa pande zote tatu. Hiyo ni kama chembe chache za chumvi katika kabati kubwa.

Tena kuna desturi ya kunywa maziwa jioni ili "kuosha kifua". Maziwa ni chakula kizuri, nanyi munywe. Lakini yanakwenda tumboni. Hakuna njia ya maziwa kufika katika mapafu na kuyaosha.

KIPIMO KINAHESABIWA KWA HEWA

Sasa tuje kwenye mashini yenyewe. Mununuzi anauliza kwanza: "Moteri ina nguvu gani?" Swali hilo linakuja nyuma. La kwanza ni hili: mashini hii inapitisha hewa kiasi gani kwa saa moja, ikiwa imefungwa kwa tiyo yangu?

Wazia sanduku lenye urefu wa metre 1, upana wa metre 1 na kimo cha metre 1. Hewa inayojaa sanduku hilo ndiyo kipimo chetu. Katika karatasi za wauzaji imeandikwa m³. Hapa tutaiita sanduku moja la hewa.

Mavumbi na maranda yasianguke njiani, hewa ndani ya tiyo ni lazima ikimbie karibu metre 20 kwa kila sekunde. Kwa mwendo huo, hesabu ni hii:

Tiyo yenye upana wa santimetre 5 inapitisha karibu masanduku 140 kwa saa.
Tiyo ya santimetre 10 inapitisha karibu 565.
Tiyo ya santimetre 12 na nusu inapitisha karibu 880.
Tiyo ya santimetre 15 inapitisha karibu 1270.

Basi angalia mudomo wa mashini yako ya kuranda, mahali pa kufunga tiyo. Ukiwa wa santimetre 10, unataka masanduku 565 au zaidi. Lakini mbao zetu mara nyingi zinarandwa zingali mbichi. Maranda mabichi ni mazito, nayo yanataka mwendo wa metre 28 kwa sekunde. Hapo tiyo ileile ya santimetre 10 inataka karibu masanduku 790. Fundi anayeranda mbao mbichi asichukue hesabu ya mbao kavu, la sivyo tiyo itaziba kila saa.

Sasa ujihazari na karatasi ya muuzaji. Hesabu anayoiandika mara nyingi imepimwa mashini ikiwa uchi, bila tiyo, bila mufuko wenye mavumbi. Ukiisha kufunga tiyo, na mufuko ukiisha kuchafuka, inabaki nusu au labda sehemu mbili kwa tatu. Kwa hiyo ukitaka masanduku 800 kweli, tafuta mashini iliyoandikwa 1400 au 1600. Anayenunua ile iliyoandikwa 800 amenunua nusu ya mashini.

Wengine wakisikia hivi wanasema: "Basi tununue kubwa kabisa, na tiyo pana kabisa." Hapana. Ukipitisha masanduku 565 katika tiyo ya santimetre 15, mwendo unashuka mpaka chini ya metre 9 kwa sekunde. Maranda yanalala ndani ya tiyo, yanajaa, na siku moja cheche inayafikia. Na ukinunua mashini kubwa kisha ukaifunga kwa tiyo nyembamba, umeisonga koo. Tiyo na mashini vinakwenda pamoja kama kamba na ndoo.

Tena tiyo iwe fupi na yenye kunyooka. Tiyo laini yenye mikunjo kama bomba la tembo inapunguza hewa mara mbili au zaidi kuliko tiyo yenye kuta laini na ngumu. Itumie kwa metre moja tu mwishoni, mahali mashini inapohitaji kusogezwa. Kila kona kali inakula hewa yako.

Kwa kiwanda cha mafundi wawili au watatu, shauri letu ni kuhesabu mashini moja tu ya kukata kwa wakati mumoja. Tiyo ya kila mashini iwe na kifuniko. Anayeranda anafungua chake, wengine wanafunga vyao. Hivyo mashini ya kiasi inatosha, na feza haziendi bure.

Mashini ya musasa ya mukono ni jambo lingine. Tiyo yake ni nyembamba, karibu santimetre 3. Mashini kubwa ya maranda inapitisha hewa nyingi lakini haina muvuto mukali wa kupita katika njia nyembamba hivyo. Kwa kazi ya musasa tafuta mashini ndogo ya kuvuta, ile yenye hewa kidogo na muvuto mwingi, yenye kichujio kizuri. Musidanganywe na anayesema moja itafanya kazi zote mbili.

JARIBU LA MUSHUMAA

Hapa kuna somo ambalo hata watoto wanaweza kulifanya. Washa mushumaa, uuweke mbali na uso kwa urefu wa mukono. Puliza, unazimika. Uwashe tena, sasa jaribu kuuzima kwa kuvuta pumzi ndani. Hautazimika.

Ndivyo ilivyo kwa mashini. Hewa inayopulizwa inakwenda mbali, lakini inayovutwa inatoka pande zote, na nguvu yake inaisha upesi. Ukisimama mbali na mudomo wa tiyo kwa umbali sawa na upana wake, kwa mufano santimetre 10 kwa tiyo ya santimetre 10, mwendo wa hewa umebaki karibu sehemu ya kumi tu. Kwa sababu hii, kuning'iniza tiyo juu ya meza na kuitumaini ni bure. Ifikishe mpaka kwenye kisu chenyewe, na ufanye sanduku la mbao au la bati linalozunguka kisu pande zote ila ile ya kazi. Sanduku hilo halina bei kubwa, na fundi anaweza kulitengeneza mwenyewe. Mashini ya kiasi yenye sanduku zuri inashinda mashini kubwa isiyo nalo.

Vilevile tunawajibu wanaosema: "Kiwanda chetu hakina kuta, upepo unapita." Upepo ni musaada, wala hatuudharau. Lakini pua ya fundi iko karibu na kisu kuliko upepo. Amekwisha kuvuta mavumbi mbele ya upepo kuyachukua.

UMEME

Kiwanda kidogo mara nyingi kinapata umeme wa jenereta, au wa waya wenye nguvu inayopanda na kushuka. Moteri ikianza kuzunguka inavuta umeme mara tano au zaidi kuliko ikiisha kushika mwendo. Kwa hiyo washa kwanza mashini ya kuvuta mavumbi, ungoje mpaka sauti yake itulie, kisha washa ya kukata. Na jenereta ihesabiwe kwa zote mbili pamoja. Mashini ya kuranda ya kilowati 2 na ya kuvuta ya kilowati 1 na nusu haziwezi kuishi kwa jenereta ya kilowati 3.

Mashini zikitoka kwa marafiki wa Marekani, soma kibati chake mbele ya kushukuru. Kule umeme wa nyumba ni wa volti 120 na hezi 60. Kwetu ni volti 220 na hezi 50. Volti zinaweza kugeuzwa kwa sanduku la kugeuza umeme, lakini hezi zinabaki 50. Mashini ya 60 ikizunguka kwa 50, hewa yake inapungua sehemu moja kwa sita, na muvuto wake unapungua karibu sehemu moja kwa tatu. Mashini iliyotosha kule inaweza kukosa kutosha hapa.

NCHI YETU HAINA BARAFU

Tunakuja kwa jambo linaloweza kuwaokolea feza nyingi. Katika nchi za Ulaya wakati wa baridi wanawasha moto ndani ya viwanda. Wakitoa hewa nje, wanatoa na joto waliloligharimia. Ndiyo sababu wanairudisha hewa ndani ya nyumba, na kwa hiyo wanahitaji kichujio cha bei kubwa cha kushika hata mavumbi madogo kabisa. Mufuko wa kitambaa wa zamani hautoshi kwa kazi hiyo. Unashika maranda na unga munene, kisha unapuliza mavumbi membamba kurudi ndani. Mafundi wanaona mufuko umejaa, wanafurahi, nao wanavuta hewa mbaya kuliko ya kwanza.

Sisi hatuwashi moto katika viwanda. Basi tuweke mashini ya kuvuta nje ya ukuta, chini ya paa dogo la bati, tiyo ipite katika tundu la ukuta. Mavumbi membamba yanayopita mufuko yanabaki nje, nasi hatulipi bei ya kichujio cha Ulaya. Lakini fungua dirisha upande wa pili, ili hewa mupya iingie mahali pa ile inayotoka. Mashini haiwezi kuvuta hewa katika chumba kilichofungwa. Wala usiielekeze kwa dirisha la wagonjwa, jiko la jirani au kisima. Na isipowezekana kuiweka nje, nunueni kichujio kinachoshika mavumbi ya mikroni 1 na chini yake. Hapo musihurumie feza.

WASIO NA FEZA LEO

Fundi anayefanya kazi peke yake atasema: "Munganga, maneno yako ni ya masomo na ya wenye musaada. Mimi nifanye nini?" Fanya haya.

Tumia randa ya mukono pale inapotosha. Kazi ya musasa ifanyie nje, upepo ukitoka ubavuni, usikupige mavumbi usoni. Nyunyiza maji mbele ya kufagia. Usipulize nguo wala meza kwa hewa ya kompresa. Vaa kinyago kilichoandikwa FFP2 kinaposhika uso vizuri. Kitambaa kilichofungwa puani kinazuia maranda tu. Vua nguo za kazi na kunawa mbele ya kumupakata mutoto. Watoto wasicheze katika lundo la unga wa mbao, wala mutu asivute tumbako karibu nalo.

Haya yote ni mema, lakini si badala ya mashini. Kinyago kinachukiwa kwa joto, na saa ya haraka kinavuliwa. Mashini haichoki, tena haisahau.

MBELE YA KUANDIKA BARUA

Ninyi wazee na waongozi, siku mutakapokutana kwa ajili ya kununua mashini ya kuranda, mutu mumoja asimame aulize maswali haya saba. Mudomo wake una upana gani? Tunaranda mbao kavu au mbichi? Inataka masanduku mangapi ya hewa kwa saa? Mashini ya kuvuta iliyoandikwa karibu mara mbili ya hesabu hiyo ina bei gani? Tiyo itakuwa na metre ngapi na kona ngapi? Jenereta yetu inaweza kubeba zote mbili? Itasimama nje ya ukuta upande gani?

Kama hakuna anayeweza kujibu, mukutano haujaisha. Rudini na rula mukapime mudomo wa mashini na urefu wa ukuta. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja, nayo itawatunzia vijana wenu pumzi kwa miaka mingi.